Levye ya buati ilivyonitesa wiki mbili pale Kituku

Injini ya mashua yangu ilifika Kituku, bandari yetu ya Goma kwenye Ziwa Kivu, juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma: dizeli ya mtumba ya silinda 3 na buati yake, yaani sanduku la gia, vijana wawili wakiisukuma na kuilaani kwa uzito. Ile ya zamani ilikuwa imetufia ziwani tukitoka kisiwa cha Idjwi. Kuipachika mpya na kunyoosha shafti sitasimulia, kila mwenye mashua anaijua kazi hiyo. Kilichonitoa jasho ni kitu kidogo kama kijiko: levye, ule mkono wa chuma ubavuni mwa buati unaoingiza gia ya mbele na ya nyuma.

Nilifunga kebo ya zamani, inayotoka kwenye mkono wa gia ninaoushika nikiendesha, kwenye levye mpya, ikakaa kana kwamba ilizaliwa hapo. Nikawasha, nikafungua kamba, nikasukuma mkono wa gia mbele. Mashua ikarudi nyuma. Nikadhani ni wimbi, nikaongeza mafuta. Nyuma yangu palikuwa na mtumbwi wa mama mmoja wa Idjwi, umejaa mikungu ya ndizi. Nilivyozidi kusukuma mkono mbele ili nimkwepe, ndivyo nilivyozidi kumwendea.

"Papa, unatazama wapi na unaenda wapi?"

Kituku nzima ilicheka. Buati hii ilikuwa kinyume na ile ya kwanza: kebo ikisukuma, inaingia gia ya nyuma.

Basi washauri wakajaa. Mmoja alisema niendeshe hivyohivyo, mkono utazoea. Huyo hajawahi kukaribia mawe ya volkano ya ufuko wetu usiku, upepo ukivuma. Wa pili ni fundi wa pikipiki: "Muzee, toa hiyo kebo. Weka mbili za klachi ya pikipiki, uzipishanishe, mbele itakuwa mbele." Nilimsikiliza, Mungu anisamehe. Waya wa pikipiki unajua kuvuta tu, hausukumi, ndiyo maana zilitakiwa mbili. Zikawa ngumu. Akasema tuchomelee kipande cha chuma, levye iwe ndefu, itakuwa nyepesi. Kweli ikawa nyepesi, hata mwanangu wa miaka 9 aliivuta kwa kidole. Nikatoa dola 40, labda 50 ukihesabu na bia.

Safari ya kwanza yenye mzigo, injini inalia kama imepandwa na pepo, mashua inatambaa. Nikalaumu mwinuko: ziwa letu liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na dizeli isiyo na turbo hukosa pumzi huku. Nikawafundisha abiria habari za hewa nyembamba kama mwalimu wa shule. Kisha ikaja harufu, kama ya breki za lori linaloteremka kutoka Masisi. Nikagusa buati, nikaurudisha mkono haraka. Tulimalizia kwa kasia, na hakuna aliyeniuliza tena habari za hewa.

Usiku ule sikulala mpaka nilipoelewa. Kebo inasogea kipimo kilekile siku zote. Ukirefusha levye, ncha yake inatembea umbali uleule, lakini shafti ya ndani inageuka nusu tu. Gia ilikuwa inaingia nusu, klachi za ndani zinateleza na kujipika zenyewe.

Asubuhi nikakata kile kipande kwa msumeno. Nikachukua futi ya kushonea ya mke wangu (ina madoa ya oili hadi leo, na hadi leo nasemwa). Injini imezimwa, kebo imetolewa, nikasogeza levye kwa mkono kutoka puamoro, pale katikati pasipo na gia, hadi iliposema "tak", nikaweka alama ya chaki: milimita 35 mbele, 35 nyuma. Kisha nikapima kebo ya zamani: inasogea 38 kila upande. Kumbe ilitosha tangu siku ya kwanza!

Na ule ukinyume? Hapa niacheni nijisifu. Levye imebanwa na bolti moja tu. Nililegeza, nikaichomoa, nikairudisha ikitazama chini badala ya juu. Kebo inasukuma vilevile, shafti inazunguka upande wa pili. Dakika 20, bure. Kishikilio cha kebo nacho lazima kishuke, ili ukiwa puamoro kebo na levye vikae kama herufi L. Mimi kwanza nilikiacha juu, gia ya mbele ikaingia vizuri, ya nyuma ikagoma. Ncha ya levye ikagusa mbao za chini, nikazichonga kwa patasi.

Mara hii nilijaribu mashua ikiwa imefungwa kamba mbele na nyuma. Oili ya buati ilitoka nyeusi, inanuka. Niliibadilisha mara mbili, na tangu hapo gia haijateleza.

Mama wa ndizi nilimbeba bure safari tatu. Ya nne alilipa, lakini kabla ya kukanyaga ubao alisimama, akanitazama:

"Papa, leo tunaenda mbele ao nyuma?"