Jumamosi ya Takwa

Ndugu zangu wa Tanga mnaoniuliza maisha ya masomo huku Kenya: asubuhi mahamri na mbaazi, mchana maktaba ya Ngome ya Lamu, usiku tasnifu. Basi.

Lakini Jumamosi tulivuka kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda! Nahodha alingoja maji yajae, kwani yakipwa mkondo wa mikokoni haupitiki. Mji ule ulihamwa karne ya 17, wenyewe wakaenda Shela, kisiwani Lamu. Msikiti wa Ijumaa ungali na nguzo juu ya kibla, na kaburi la mnara lina mwaka wa Hijria 1094. Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniita. Watu wa Shela bado huja hapo kuomba mvua. Njooni mpaone, nipo hadi nimalize utafiti.