Bosi anauliza umefika wapi

Mtu akitoka chuo na leseni yake ya daraja E mfukoni anajua kubadili gia, kurudisha tela nyuma na kusoma alama za barabarani. Simu haikuwemo kwenye masomo. Gari halijafika Chalinze, inaita: "Umefika wapi?" Ukiingia Morogoro, inaita tena. Ofisi inakuona kwenye treka, kile kifaa cha kufuatilia gari, pengine inajua ulipo kuliko wewe mwenyewe, lakini lazima iulize. Kwa dereva mgeni swali hilo lina tafsiri moja tu kichwani: unachelewa, kanyaga.

Mimi nabeba kontena za transiti kutoka bandari ya Dar kwenda Tunduma mpakani, zaidi ya kilomita 900, kisha Zambia hadi Kongo. Siku za mwanzo nilikuwa nashika usukani mabega yamekaza, macho kwenye saa. Kilichonilegeza ni hesabu niliyoipiga nyuma ya karatasi ya mafuta nikiwa nimeegesha Mikese. Kilomita 100 kwa mwendo wa 80, ambao ndio mwisho wetu kisheria, ni saa moja na robo. Ukiiba ukaenda 90 ni kama dakika 67. Umeokoa dakika nane. Sasa tochi ya trafiki, ile ya kupima mwendo, ikikunasa, hapo unasimama, unaeleza, unaandikiwa faini ya shilingi 30,000, na dakika zako nane umezirudisha mara mbili au tatu. Halafu mbele kuna mlima Kitonga, ambako gari lenye mzigo linapanda kwa gia ya chini hata dereva awe na haraka kiasi gani.

Basi nikajiuliza, kama muda haupotei kwenye mwendo, unapotelea wapi? Nikaanza kuandika kila nilipozima injini na kwa nini. Jibu lilikuwa wazi: mizani, karatasi, milima yenye gari lililokufa katikati, na mpaka. Mguu wa kulia haukuhusika kabisa.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo wageni wengi tunaumia. Ukifika mizani ya Vigwaza, uzito wa jumla unaweza kuwa sawa na bado ukazuiwa kwa sababu ekseli moja imebeba kuliko nyenzake. Ekseli tatu za tela kwa pamoja zisizidi tani 24, na mzigo uliopangwa vibaya ndani ya kontena hauonekani kwa macho. Siku hizi kabla ya kutoka nauliza mzigo umepangwaje, natazama tela limekaa sawa au limelala upande, na nikikaribia mizani nafunga breki taratibu ili mzigo usisogee mbele. Tena kuna suala la dizeli. Lita 600 ni karibu nusu tani, na zinakaa kwenye kichwa cha gari. Kama ekseli za nyuma ya kichwa ziko ukingoni, sijazi tangi Dar; naweka ya kunifikisha mbele, najaza nikishapita mizani inayonitia wasiwasi. Ofisi ililalamika kidogo juu ya bei za huko mbele. Niliwaonyesha karatasi za mizani, wakanyamaza.

Karatasi nazipanga usiku, kabla sijalala: za transiti, za mzigo, bima, leseni, na namba ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, nimeiandika pembeni. Utingo wangu mwanzoni alinicheka, akaniita karani. Lakini kwenye dirisha la ukaguzi mwenzangu anapekua chini ya kiti, mimi nishagongewa muhuri.

Kitonga naipanda alfajiri. Nalala Ruaha Mbuyuni, saa kumi na moja niko barabarani. Mabasi yaliyotoka Dar asubuhi yanafika pale mchana, yanataka kupita kwa nguvu, na lori moja likikwama kwenye kona wote mnakaa. Kulala Mbuyuni kunanisaidia pia kuvuka Mikumi mchana, kabla sijafika hapo. Hifadhi ile barabara inaikata kwa kama kilomita 50, na jioni nyati hana taarifa kwamba una mzigo wa haraka. Ukimgonga mnyama unalipa, achilia mbali gari lenyewe.

Simu nayo niliipatia dawa: nikaanza kuiwahi. Dada wa operesheni, yule wa ofisini anayefuatilia safari zetu, hanichukii, naye ana mteja Lubumbashi anayemkaba koo. Kwa hiyo kabla hajauliza natuma ujumbe: "Dada, salama? Mikese mizani imeisha. Nalala Ruaha Mbuyuni, Kitonga naipanda alfajiri. Makambako nitafika kati ya saa saba na saa tisa mchana." Angalia, simpi saa moja kamili. Ukisema saa saba ukafika saa saba na nusu umechelewa. Ukisema kati ya saa saba na saa tisa umewahi. Alijaribu mara kadhaa kunibana, "Sema saa ngapi hasa, kaka," nikamjibu, "Dada, nikikudanganya utamdanganya mteja." Tangu hapo simu zimepungua, na nikiwa kwenye mwendo sipokei, anayepokea ni utingo.

Tunduma ndiyo shule yenyewe. Madereva wanakimbizana kutoka Mbeya wakawahi foleni, nami sikatai, nafasi kwenye foleni ni mali. Ila gari la mbele ambalo ajenti wake wa forodha hajamaliza kazi linawekwa pembeni, la nyuma lenye karatasi safi linapita. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kipo tangu 2019, maofisa wa nchi zote mbili wako hapo, lakini hakuna wa kukufanyia kazi ya ajenti wako. Kwa hiyo nikifika Makambako nampigia ajenti. Nikifika Uyole nampigia tena, safari hii mimi ndiye ninayeuliza umefika wapi. Ukivuka, saa ya Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Wazambia wanakupa saa ya bure, ukirudi wanakudai.

Usingizi siuwekei mjadala. Saa nane mchana baada ya ugali macho yanajifunga yenyewe, naegesha mahali penye watu, naweka alamu, nalala dakika 20. Vinywaji vya kuongeza nguvu nawaachia wenyewe. Ofisi ikiona gari limesimama inapata ujumbe wangu: "Napumzika, naondoka saa tisa kasoro."

Jambo ambalo bado linanisumbua ni posho. Sisi tunalipwa kwa trip, si kwa siku, na foleni ikikaa siku tatu hela ya kula ni ileile. Hapo hata mwenye mpango mzuri anaanza kutamani kufidia barabarani. Nilinunua jiko dogo la gesi, natembea na unga na dagaa, na posho naigawa kabla sijatoka Dar ili siku za mpakani ziwe na fungu lake. Inasaidia kiasi. Madereva wa kampuni yetu tumeomba foleni ikizidi siku mbili tulipwe za ziada. Ofisi imesema inalifanyia kazi, na sisi tunaendelea kukumbushia.