Pudini ya Mama, bila biskuti za dukani wala kastadi ya kopo

Nyumbani kwetu Mabatini, Mwanza, Krismasi ilianza tarehe 24 jioni, Mama alipobandua mfuniko wa kopo la kastadi kwa mpini wa kijiko. Mdogo wangu alikoroga maziwa. Mimi nilichovya biskuti za Marie kwenye maziwa yenye kahawa kidogo na kuzipanga kwenye bakuli la kioo, moja moja. Juu yake kastadi nyeupe, biskuti tena, kastadi ya kakao, biskuti tena, na mwisho kakao kavu iliyochungwa kwa chujio la chai mpaka usione weupe popote.

Hatukuwa na friji. Friji ilikuwa kwa jirani, nyumba ya tatu kwenda chini, na anayezijua nyumba zetu za juu ya mawe anajua hiyo "chini" ilivyo. Kaka alibeba bakuli limefungwa kwenye kitenge, mimi natangulia na tochi: "Jiwe hapo. Ngazi. Ngazi nyingine." Malipo ya friji yalikuwa kona moja ya pudini, na Mama aliikata kubwa.

Kesho yake baada ya ibada kisu kilishuka toka juu hadi kwenye kioo bila kugonga kitu kigumu. Kwangu utamu wote ulikuwa pale: biskuti iliyolala usiku kucha ikanywa maziwa, ikaamka laini kama keki lakini bado ina umbo lake.

Mama aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019. Aliendelea kutupikia pudini, sasa kwa ajili ya wajukuu. Krismasi moja alijikatia kipande kidogo, na baada ya saa mbili kipimo cha sukari kikasoma 14.3 mmol/L. Mwaka uliofuata nilimwona amesimama anachunga kakao juu ya pudini ambayo hataionja, kisha akanawa mikono na kwenda kukaa barazani. Siku ile niliamua kwamba bakuli lile lazima lirudi kwake.

Nilianza vibaya. Duka moja mjini liliniuzia biskuti "zisizo na sukari" na nikaamini maandishi ya mbele ya pakiti. Nyuma, kwa herufi ndogo, kiungo cha kwanza kilikuwa unga wa ngano. Sukari ya Mama ikapanda karibu vilevile, na bado nina hasira nikikumbuka, kwa sababu muuzaji nilimweleza wazi kwamba ninamnunulia mgonjwa. Biskuti ya kawaida ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na unga wa kastadi ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na vanila. Kwa hiyo kuondoa sukari peke yake hakutoshi. Pudini nzima imesimama juu ya wanga: biskuti zinanywa, kastadi inashikilia.

Kastadi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, maana kabla ya kopo kulikuwa na mayai. Viini vitano vya mayai ya kienyeji, krimu mililita 300, vijiko vitatu vikubwa vya kakao isiyo na sukari, vanila, chumvi ncha ya kisu. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uvae mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole njia yake ibaki wazi. Hapo toa haraka. Ukizubaa kidogo tu unapata mayai ya kukoroga yenye rangi ya chokoleti. Kakao ninayotumia ni ya Kyela. Ina uchungu mzuri na haihitaji utamu mwingi.

Safu nyeupe ni mtindi. Lita moja ya mtindi mzito naifunga kwenye kitambaa safi na kuining'iniza juu ya beseni usiku kucha. Maji yanayochuruzika yanaondoka na sehemu ya sukari ya maziwa, na kinachobaki kinasimama kwenye kijiko. Nakichanganya na krimu iliyopigwa. Wengine husaga parachichi na kakao. Nimejaribu, na sitarudia kwenye bakuli hili. Parachichi lina heshima yake kwenye chumvi na ndimu.

Kwa utamu natumia erithritoli, kitamu mbadala cha unga ambacho hakipandishi sukari ya damu. Isage kwanza iwe vumbi, la sivyo ikipoa kwenye friji inarudi kuwa chembe na pudini inasagika mdomoni kama mchanga. Pia ikizidi inaacha ubaridi ulimini, ndiyo maana napunguza na kuongeza matone machache ya stevia, kitamu kingine kitokanacho na majani. Na ugeuze pakiti usome nyuma: kuna vitamu mbadala vilivyochanganywa na maltodekstrini, unga utokanao na wanga, na hiyo inapandisha sukari vizuri sana.

Kilichonisumbua miezi miwili ni biskuti. Nilianza na karanga, kwa sababu huku kwetu karanga ni za kupimiwa kwa kopo na zina wanga kidogo, kama gramu 16 kwa kila 100, nusu yake nyuzinyuzi. Korosho zina karibu mara mbili ya hapo. Nilisaga, nikatia yai na siagi, nikaoka. Biskuti nzuri kabisa, ila hazikunywa. Asubuhi zilikuwa ngumu vilevile, na maziwa yametuama chini ya bakuli.

Jibu lilikuwa kwenye ndoo ya takataka. Nilikuwa nimekuna nazi ya kupikia sato, nimekamua tui, natupa machicha, mkono ukasimama hewani. Machicha yana nyuzinyuzi nyingi, na ukiyamwagia maji yanayavuta yote. Niliyaanika juani juu ya sinia siku mbili, mbali na dagaa wa jirani, nikayasaga. Sasa kipimo changu ni vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa kwa kikombe kimoja cha machicha makavu. Nayasaga pamoja, kwa mishtuo mifupi ya blenda, kwa sababu karanga zikisagwa peke yake mafuta yanatoka na unabaki na siagi ya karanga. Machicha yanakunywa mafuta kabla hayajakusanyika. Yai moja, siagi vijiko viwili, chumvi. Sukuma iwe nyembamba kama shilingi, kata, oka kwa moto mdogo dakika 15 hivi. Asiye na oveni apalie makaa juu ya mfuniko, machache, maana karanga huungua haraka.

Nilizichovya kwenye maziwa yenye kahawa, nikapanga kwenye bakuli lilelile. Asubuhi kisu kilishuka.

Mama alikula kipande kizima, polepole, macho yakiwa ziwani. Nilisubiri. Akasema, "Chumvi imezidi kidogo kwenye biskuti. Na kahawa ongeza." Baada ya saa mbili kipimo kilisoma 7.9, kutoka 6.6 kabla ya kula. (Ni mwili wake na vidonge vyake, wewe mwenye dawa za kushusha sukari zungumza na daktari wako kabla ya kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa.)

Kisha akainuka, akachukua kisu, akakata kona. Friji tunayo tangu zamani, ipo pale pale nyuma yake. Akaiweka kona kwenye sahani, akaifunika, akamwita mwanangu: "Mjukuu wangu, peleka kwa bibi wa chini. Ukifika usisahau shikamoo."

Sahani ilirudi Jumatatu, na mayai matano ya kienyeji juu yake.