Pau Zenye Tundu

Baba mdogo alivua samaki wadogo waitwao sambaza usiku na wenzake kwenye Ziwa Kivu, lakini mali yake mwenyewe ilikuwa wavu wa tilapia. Wavu huo husimama majini kama ukuta: maboya juu, vipande vya madini ya risasi kwenye kamba ya chini. Risasi ikipungua, mkondo unauinua wavu na samaki wanapita chini yake. Na haitoshi iwe nzito tu. Kila kipande hukunjwa kuzunguka kamba kisha kikabanwa kwa nyundo, kwa hiyo kikiwa kigumu kinapasuka, au kinabaki na ukingo unaokata nyuzi.

Mwaka ule nilikuwa bado sekondari. Kamba yake ya chini ilikuwa imechakaa, tukapanda pamoja sokoni Kadutu, mjini Bukavu, kutafuta madini ya risasi kwa wauza mitraye, yaani vyuma chakavu. Tuliyemkuta alikuwa amejaza kila kitu katika gunia moja kwa bei moja ya kilo: mabomba ya zamani, maganda ya kebo, vile vyuma vidogo vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, sahani za betri, na pau kadhaa za kijivu zenye tundu upande mmoja. Akaapa kwamba zote ni risasi tupu. Baba mdogo alimrudishia sahani za betri palepale, kwa sababu ya asidi na moshi wake, hata alipopunguziwa bei. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, ambako watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka katika betri zilizovunjwavunjwa mtaani mwao, nikashukuru ukaidi wake.

Nyumbani alimwaga gunia kwenye saruji ya uani, akawafukuza wadogo zangu, akaanza kuchambua. Hakuna kilichoingia chunguni kabla hakijapita mikononi mwake. Alianza na ukucha: risasi safi inaacha mfereji unaong'aa, kisha mng'ao unafifia. Baadaye anakiangusha kipande chini na kusikiliza. Kilicho laini kinasema "du" na kunyamaza. Kilichochanganywa na antimoni, metali inayoifanya risasi iwe ngumu, kinalia. Ganda la kebo alilipinda kwa vidole kama apendavyo, likaenda upande wa kulia, kwenye risasi laini.

Vile vyuma vya magurudumu alinipa mimi, kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali. Nilivisugua kwa mchanga nikitafuta maandishi. Vyenye Fe ni chuma, vyenye Zn ni zinki, na hivyo vya zinki ndivyo alivyoviogopa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 za Selsiasi, risasi kwenye 327. Moto ukiwa wa kiasi, kipande cha zinki kilichojificha kinaelea juu kikiwa bado kigumu, unakiondoa kwa upawa. Moto ukizidi, kinayeyuka na kuingia ndani, risasi inakuwa nzito juu mithili ya uji na haitaki kujaza kalibu. Chungu kizima kinaharibika.

Zikabaki zile pau. Ukucha ulitereza. Penseli yangu ya HB ya somo la uchoraji, ambayo ilichimba ganda la kebo bila shida, ilitereza pia. Alipogonga kona kwa nyundo haikupondeka, ilivunjika, na pale ilipovunjika palionekana chembechembe zinazometameta.

"Hii si ya kamba," alisema. "Lakini ni nini?"

Nilitaka tuiache. Yeye akaichukua ile kona iliyovunjika, tukaenda kwa jirani aliyekuwa ananunua dhahabu. Bukavu mtu wa kazi hiyo hakosi mizani nyepesi na glasi ya maji, maana ndivyo anavyojua kama dhahabu imechanganywa. Alikipima kipande kikavu, akakitundika kwa uzi ndani ya maji akakipima tena, halafu akagawa uzito wa kwanza kwa ule uliopungua. Risasi safi ingetoa 11.3. Yetu ilitoa 10 na kitu.

"Mzee, zinki siyo," alisema yule jirani. "Zinki ingekuwa 7. Hii ni risasi iliyobeba wenzake."

Jina la hao wenzake tulilipata kwa mzee mwingine wa mtaani, aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji enzi za herufi za risasi. Alipoona lile tundu tu alicheka kwa furaha. Pau hizo, alisema, zilitundikwa juu ya chungu cha mashine ya Linotype, zikashuka polepole na kuyeyuka, mashine ikazimimina kuwa mstari mzima wa maneno kwa mara moja. Ndani yake mna antimoni kama asilimia 12 na bati asilimia 4. Inayeyuka karibu na nyuzi 240 na kujaza kila pembe ya herufi.

Tuliyeyusha risasi laini asubuhi iliyofuata, katika sufuria ambayo haikuwahi kurudi jikoni, tukatupia kipande cha mshumaa ili taka zipande juu. Wingu lilipotokea upande wa mlima Kahuzi alizima moto mara moja. Tone la mvua ndani ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa ghafla na kuirusha usoni mwa mtu.

Pau hakuziuza, ingawa mwenye garaji alizitaka. Wavu una uzito mkubwa kwenye kila ncha, ambao haubanwi kwa nyundo bali hufungwa kwa kamba. Alichonga kalibu katika mti mgumu, akaikausha vizuri, na ndani yake akachora herufi za jina lake kinyumenyume. Nyavu zilikuwa zinaibwa sana wakati huo. Herufi zilitoka na kona zake zote, unazisoma hata kwa kidole gizani.