Dirisha Moja, Lenzi Moja

Kwa miaka mitatu ya mwanzo ya kazi yangu ya kupiga picha hapa Tanga niliamini kwamba kukua ni kununua. Kila nilipolipwa fedha za harusi mbili tatu nilizipeleka kwenye lenzi, kisha kwenye taa, kisha kwenye mapazia ya maua ya plastiki ambayo wateja waliyapenda mwezi mmoja na mwezi uliofuata wakayachoka. Vifaa viliongezeka, picha zikabaki zile zile.

Aliyenishtua ni bibi mmoja wa Ngamiani aliyeletwa studio na wajukuu zake. Nilimpiga picha kwa flashi, nikaipitisha kwenye programu ya kulainisha ngozi, nikaisafisha kwa saizi kubwa na kumkabidhi kwa majivuno. Aliitazama kitambo, akaigeuza kana kwamba jina limeandikwa nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni nani?" Makunyanzi yake yote nilikuwa nimeyafuta, na ngozi yake nyeusi inayong'aa ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilimrudishia fedha zake, ingawa hakuzidai.

Nilipoichunguza picha ile usiku niligundua kwamba kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla sijafungua kompyuta. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kilichoketi mbele yake. Hukichukulia kila kitu kuwa na kijivu cha wastani, na hupanga mwanga ili kijivu hicho kipatikane. Ukikielekeza kwenye gauni jeupe kitalififisha, nawe utarudi nyumbani na bibi harusi aliyevaa kijivu, karibu naye bwana harusi ambaye uso wake umezama gizani. Ukikielekeza kwenye uso mweusi uliojaza fremu kitaongeza mwanga mpaka ngozi ichujuke. Siku hizi mimi hupima nukta moja tu, shavuni mwa mteja, kisha kwa ngozi nyeusi sana hupunguza mwanga kwa takriban hatua moja ya kamera, yaani nusu. Nikilazimika kupima kwenye gauni jeupe, huongeza hatua moja. Baada ya hapo hutazama histogramu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza katika picha, kwa sababu kioo cha nyuma ya kamera hudanganya juani na hudanganya zaidi gizani.

Lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao kuliko inavyochorwa na kivuli. Mafunzo mengi niliyokuwa nikiyafuata yalionyesha watu weupe, ambao kivuli kidogo kando ya pua kinatosha kuonyesha umbo la uso. Kwa bibi yule kivuli cha namna hiyo kiliungana na ngozi na kupotea, na kilichoonyesha mfupa wa shavu lake ni mwanga uliorudi kutoka kwenye ngozi yenyewe. Taa ndogo hurudisha vidoa vikali vyeupe, kama matone ya jasho. Chanzo kipana cha mwanga hurudisha utepe laini unaoshuka kutoka kwenye paji mpaka kidevuni. Chanzo kipana kuliko vyote nilivyokuwa navyo kilikuwa dirisha la studio, ambalo kwa miaka mitatu nilikuwa nimelifunika kwa pazia la maua.

Nililifunua. Kiti nilikiweka ubavuni mwa dirisha, shuka jeupe nikalitundika upande wa pili ili lirudishe mwanga kidogo, na poda niliyokuwa nikiwapaka wateja ili wasing'ae nikaiweka kando. Sasa humwomba mteja ajipake mafuta ya nazi kidogo juu ya mashavu. Kanuni ya fizikia husema kwamba mwanga wa taa ndogo hubaki robo pale umbali unapoongezeka maradufu. Dirisha, kwa kuwa ni pana, haliitii kanuni hiyo sawasawa, lakini kukisogeza kiti hatua moja tu bado hubadilisha picha nzima, na kufanya hivyo ni bure.

Ujasiri wa kubaki na vitu vichache niliupata kwa mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa cha kitanda chake kikawa pazia la nyuma, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Mimi, mwenye kadi ya kuhifadhi maelfu ya picha, nilikuwa nikibonyeza kwanza na kutazama baadaye.

Ndiyo maana kila Jumatatu, siku ambayo wateja ni haba, huenda soko la samaki la Deep Sea na lenzi moja ya milimita 50 na ruhusa ya fremu 12, idadi ile ile iliyotoka kwenye mkanda wa filamu wa kamera za picha za mraba. Wiki za kwanza fremu hizo nilizimaliza ndani ya robo saa na zote zilikuwa mbovu. Siku hizi hurudi na fremu mbili au tatu ambazo sijazitumia, na wachuuzi wamenizoea kiasi cha kunifukuza ninapowazibia njia. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mkono wa mvuvi ulioloa, magamba ya samaki yakiwa yamegandia juu ya ngozi: utepe ule ule wa mng'ao, safari hii umeletwa na maji.

Mwezi uliopita nyuso za wateja wangu zilianza kuwa na ukijani ambao sikuweza kuuondoa kwa kuhariri bila kuharibu rangi za nguo. Nilishuku lenzi, nikashuku kompyuta, mpaka nilipochungulia nje nikakuta jirani amepaka ukuta wake wa uchochoroni kijani kibichi. Kumbe mwanga wote niliokuwa nikijivunia ulikuwa ukigonga ukuta wake kwanza. Nimemnunulia ndoo ya rangi nyeupe, naye amekubali, kwa sharti kwamba nitampiga yeye na mkewe picha ya ukutani bila malipo.