Tetrodi za kudumu miezi kwenye ubongo wa panya: ninavyozitengeneza

Tetrodi ni nyaya nne zilizosokotwa pamoja, za kunasa ishara za umeme za seli za ubongo. Kila waya huipata ishara ya seli ileile kwa nguvu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotuwezesha kutenganisha nyuroni (seli za neva) zilizobanana. Natumia waya wa nikromu wa maikromita 12.7 wenye ganda la polimidi. Nakunja mara mbili kipande cha sentimita 40, nakitundika, nabana ncha ya chini kwa klipu inayozungushwa na sumaku: mizunguko 80 mbele, 20 nyuma ili msokoto utulie. Kisha hewa moto ya nyuzi joto 210 hivi za Selsiasi, ikipita pande zote bila kusimama. Joto likizidi, nyaya zinagusana ndani kwa ndani. Likipungua, msokoto unafumuka ukiingia kwenye kijibomba cha kuupitishia.

Kazi yote iko kwenye ncha. Naikata chini ya hadubini kwa mkasi mpya, pigo moja. Mkasi butu huburura ganda juu ya chuma, na badala ya vidoti vinne vinavyong'aa unaona doa moja lililochafuka. Ukiliona, kata tena, usijipe moyo.

Baada ya kukata, impidansi (ukinzani wa ncha kwa umeme) kwa hezi 1,000 huwa megaomu 2 hadi 3. Naizamisha ncha kwenye mchanganyiko wa dhahabu na kupitisha mkondo hasi kwa vipindi vifupi, nikipima kila mara, hadi ishuke kilo-omu 250 hivi. Ikiporomoka ghafla chini ya 100, shuku kwanza kwamba dhahabu imeunganisha nyaya mbili.

Vipandikizi vingi vinavyokufa mapema huponzwa na fuvu. Kwangua mfupa, ukaushe kabisa, funga skrubu sita au zaidi, moja juu ya serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma) iwe ya ethi, yaani ya kuunganishia waya wa ardhi, ndipo umimine saruji ya meno. Unyevu kidogo tu chini ya saruji, na kofia nzima ya saruji itang'oka.

Kushusha waya kunataka subira. Skrubu yangu ya kushushia ina nyuzi (mizunguko ya hesi) 80 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja ni maikromita 318. Mwanzoni nashusha robo mzunguko kwa siku. Nikikaribia CA1, sehemu ya hipokampasi, takriban milimita 2 chini ya uso wa ubongo, sizidishi moja ya nane. Viwimbi vya umeme wa ubongo vya hezi 150 hadi 250 vikianza kukua, naacha kabisa hadi kesho yake. Tishu iliyosukumwa hurudi polepole, na seli nzuri ya jioni inaweza kuwa imepotea asubuhi bila wewe kugusa chochote.