Land Rover 109 iliyotoka jeshini: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari hadi Septemba

Januari

Limefika. Kule Karatu tulilipandisha juu ya Fuso kwa mbao mbili, kamba ya katani na vijana tisa, na saa tatu usiku likashuka uani kwangu hapa Moshi likiwa halina breki wala betri, tairi moja limeoza mpaka nyuzi zinaonekana. Mzee aliyeniuzia alilinunua zamani kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali, akabebea mahindi na maziwa hadi injini ilipokaza. Baada ya hapo lilisimama chini ya mgunga miaka na miaka. Kwenye kiti cha dereva nimekuta maganda ya mayai ya kuku.

Ni Series III ya inchi 109, yaani kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 2.77. Injini ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Hata nisingeambiwa, ningejua limetoka jeshini. Matangi ya mafuta ni mawili, kila kiti cha mbele kimekalia lake, na kuna koki ya kuchagua unatumia lipi. Bampa ina pete nene za kunyanyulia. Ubavuni kuna vishikizo vya koleo na shoka. Halafu kuna swichi ya taa ya kuzungusha, yenye nafasi nyingi kuliko mahitaji ya gari lolote la raia.

Asubuhi yake mjomba akaja na fimbo yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umelitoa wapi hili?"

Hakusubiri jibu. Alifungua mlango, akaingiza mkono chini ya dashibodi bila kuinama, na vidole vikaenda moja kwa moja kwenye ile swichi. Akaizungusha mara mbili, tiki, tiki, kisha akanyamaza muda mrefu. Mjomba alikuwa dereva wa JWTZ miaka ya sabini. Mwaka 1978, Amin alipoivamia Kagera, alikuwa kwenye msafara uliokwenda kuwatoa. Kuhusu vita huwa hasemi mengi. Siku hiyo alisema neno moja tu: "Usilibadilishe."

Februari

Neno hilo ndilo nimelishika, ingawa kila fundi anayepita hapa ananiambia kinyume. Ushauri ni uleule: toa hiyo injini, weka TD27 ya Nissan, itakunywa dizeli kidogo na spea zipo kila duka. Nawaelewa. Huku kaskazini Land Rover nyingi za zamani zinatembea kwa moyo wa gari lingine, na zinabeba watu na mizigo kila siku. Kama ningetaka gari la biashara ningefanya hivyo kesho. Mimi ninataka gari hili lirudi kuwa lenyewe. Ukiondoa injini inabidi ukate mabano, usogeze radieta, utafute namna ya kuunga giaboksi, na kila unachokata hakirudi.

Basi nikaanza na injini iliyokaza. Nilitoa plagi zote nne, nikamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, kiasi cha vijiko vitano, nikafunika matundu kwa kitambaa. Nikaacha. Kila jioni nikitoka kazini naongeza kidogo. Uzuri wa gari hili ni kwamba lina tundu kwenye bampa la kupitishia hendeli ya kuwashia kwa mkono. Siku ya kumi na mbili niliingiza hendeli, nikaegemea kwa uzito wa mwili bila kuvuta kwa nguvu, kwa sababu ukilazimisha unavunja ringi. Ikasogea. Upana wa kidole, basi. Nikarudisha nyuma, nikaegemea tena, ikasogea upana wa vidole viwili. Nilimwita mke wangu aje aone, na alikuja kweli, mikono ikiwa na unga wa ugali.

Machi na Aprili

Masika. Banda langu ni mabati juu ya nguzo za mkaratusi, ukuta upande mmoja tu, kwa hiyo mvua ikija na upepo nafunika kila kitu kwa turubai na kukaa. Katikati ya mvua na mvua nimeshusha bodi yote.

Hapa panahitaji maelezo, maana wengi hushangaa Land Rover kuoza wakati wanasikia haioti kutu. Bodi ni ya alumini na chasisi ni ya chuma. Gari la kwanza lilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma Uingereza bado kilikuwa kinatolewa kwa mgawo kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, ila alumini ilipatikana. Ndiyo maana bodi ikawa hivyo. Lakini alumini ikigusana na chuma, halafu maji yakaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Haifanyi kutu nyekundu. Inageuka unga mweupe mkavu kama chokaa, na chini yake kuna tundu. Nimeukuta unga huo kila mahali bodi ilipofungwa kwenye chuma: pembeni mwa sakafu, kwenye nguzo za milango, chini ya kila boliti.

Dawa niliyotumia ni ya kwetu. Nimekata tyubu kuukuu za matairi kuwa vipande, nikapiga rangi pande zote mbili za chuma, kisha nikaweka mpira katikati kabla ya kufunga. Kazi ya siku nne nzima, na hakuna atakayeiona.

Chasisi ilikuwa na hali mbaya nyuma. Ile boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya trela ilitobolewa na bisibisi kama karatasi. Mikono miwili ya pembeni inayoshika bodi pia imekwisha. Tulitoa matangi yote mawili na kuyapeleka mbali kabisa na banda kabla fundi wa kuchomelea hajawasha mashine, na naomba kila anayefanya kazi hii nyumbani asiache hatua hiyo: tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni la hatari kuliko lililojaa. Tumetumia bati la milimita 3. Kabla ya kukata chochote tulichomelea nondo mbili za kuishika chasisi isipinde, na baada ya kumaliza tukapima ulalo, kona hadi kona, kwa utepe. Tofauti ilikuwa milimita 4. Nimeridhika.

Juni

Injini imerudi kutoka karakana ya leti. Silinda ya tatu ilikuwa na mkwaruzo unaoingia ukucha, kwa hiyo zote nne zimechongwa na sasa nina pistoni za ovasaizi ishirini, yaani zilizozidi kwa elfu ishirini za inchi. Krankshafti imesuguliwa. Vali nimezisaga mwenyewe kwa ile kijiti cha mpira na dawa ya kusagia, jioni tatu mfululizo, mpaka mzunguko wa kijivu ukawa sawa pande zote.

Tulipojaribu kuwasha, ikapiga mlipuko kupitia kabureta na kutoa moto wa buluu kidogo. Nikazima. Waya za plagi nilikuwa nimezipanga vizuri, 1-3-4-2. Kosa lilikuwa la kwangu mahali pengine. Niliangalia pistoni ya kwanza imefika juu, nikaanza kuhesabu hapo, bila kuhakikisha kwamba iko juu kwenye pigo la kubana na si pigo la kutoa moshi. Pistoni hufika juu mara mbili, plagi inatakiwa ichome mara moja. Nilirudia: kidole kwenye tundu la plagi ya kwanza, mke wangu akizungusha hendeli taratibu, na pale hewa ilipokisukuma kidole ndipo nikajua ni hapo. Nikahamisha waya, nikaweka platini nafasi ya milimita 0.38. Ikawaka kwa mzunguko wa pili.

Julai

Iliwaka, lakini haikutulia. Ikiwa imesimama inatetemeka, moshi mweusi, inanuka petroli. Mafundi wakarudi na habari yao ya TD27.

Kabureta ni Zenith, na ina ugonjwa wake. Kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kwa watu kukaza skrubu bila kipimo. Kikipinda, petroli inapenya katikati bila kupitia njia zake. Nilifungua skrubu za juu, nikaweka rula ya chuma kwenye uso wa kifuniko, nikakielekeza dirishani. Mwanga ulipita katikati, mstari mwembamba kama uzi. Nikachukua kioo cha kabati la zamani la mama, kioo kizito kisichopinda, nikabandika msasa laini wenye maji juu yake, nikaanza kusugua kwa kuchora namba nane. Mwanzoni pembe mbili tu ziling'aa. Baada ya dakika arobaini uso wote ukawa na rangi moja, na rula haikupitisha mwanga. Nikabadilisha na kile kipete cha mpira kilichoko ndani, kilikuwa kimekauka na kupasuka.

Siku hiyo mjomba alikaa kwenye kigoda chake, macho amefumba. Injini ikawaka, ikashuka, ikatulia. Nikaweka glasi ya maji juu ya mudgadi. Maji yakacheza bila kumwagika. "Hiyo," akasema bila kufumbua macho. "Ndiyo hiyo sauti."

Agosti

Breki zimenipotezea mwezi. Silinda moja ya gurudumu niliyouziwa kama mpya ilianza kuvuja siku ya tatu. Muuzaji alikataa kuirudisha, nami sina la kuongeza ila hili: fungua pakiti dukani, vuta mpira, angalia uso wa ndani kwa tochi kabla hujatoa hela.

Kilicho kikubwa zaidi mwezi huu ni difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Ilikuwa imevikwa koti la oili na vumbi, unene wa kidole. Nilikuwa nakwangua kwa kisu cha putty na mafuta ya taa, nikitafuta boliti ya kutolea oili, ghafla nikaona rangi nyeupe. Nikadhani ni chokaa. Nikaendelea kukwangua, ikawa duara zima, difu imepakwa nyeupe upande wa nyuma, na juu yake, chini ya sakafu, kuna kibati kidogo kilichobeba taa yenye waya uliokatwa.

Nilimwita mjomba. Alilala chali juu ya gunia, umri wake wote, akaingia chini. Akaniambia ndiyo maana ya ile swichi. Usiku wa msafara taa zote zinazimwa, adui asikuone. Inabaki taa hii tu, inamulika difu nyeupe, na dereva wa nyuma anafuata ule weupe. Ukiuona mkubwa, umekaribia mno. Ukipotea, umebaki peke yako. Alisema ndivyo walivyovuka mto Kagera pale Kyaka, daraja lilipokuwa limeshavunjwa na adui, nao wahandisi wa jeshi letu wameweka la kuelea. Hakuwa anaangalia barabara, alisema. Alikuwa anaangalia duara.

Sisemi gari hili lilifika huko. Namba zake za jeshi zilifutwa na hakuna karatasi.

Septemba

Rangi. Nikisugua mlango kwa msasa naona krimu ya mzee wa Karatu, chini yake praima nyekundu, chini kabisa kijani cha jeshi, kizito, kisicho na mng'aro. Nilitamani sana kukirudisha. Sikukirudisha. Mimi ni raia, na gari la raia lenye sura ya jeshi barabarani linaleta maswali ya haki kabisa. Kwa hiyo nje litakuwa bluu iliyokoza, rimu rangi ya krimu. Lakini ndani ya mlango wa dereva nimeacha kipande cha kijani ukubwa wa daftari, nimekiosha na kukipaka vanishi isiyo na rangi. Na difu nimeipaka nyeupe upya.

Jumamosi usiku nilimaliza kuunga waya wa ile taa. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikawasha injini, nikazungusha swichi mpaka nafasi ya mwisho, taa kubwa zikazimika. Nikasogeza gari polepole kuelekea geti. Mjomba alinifuata kwa miguu, na kwenye kioo sikumwona, nilisikia fimbo yake tu kwenye changarawe, inakuja umbali uleule, haikaribii wala haibaki nyuma. Nilipofika getini nikasimama. Fimbo nayo ikasimama.

Wiki ijayo naondoa hewa kwenye breki za mbele, upande wa kushoto bado kanyagio linazama.